Vifuko vya Liwa Njia ya Lugoba

Niliondoka nyumbani Dunda, Bagamoyo, kwa ajili ya chumba cha maharusi. Mwari wangu Zuhura alikuwa anaolewa Lugoba, na mimi ndiye somo yake niliyemfunda. Ilinipasa nitangulie na vyombo, nitandike kitanda na kufukiza udi kabla ndoa haijafungwa baada ya swala ya alasiri. Ndugu zake wakakodi lori la Bakari, mtu mzima mwenye watoto wanne, mtoto wa mtaa wetu. Kitanda, kabati na masufuria vikapanda nyuma. Sanduku langu la mambo ya kike likawekwa juu ya godoro, limefungwa kwa kanga, nami nikakaa mbele karibu na dereva.

Asubuhi hiyo, hata hatujaziacha nyumba za mwisho za Bagamoyo, Bakari alianza kunisomesha. Alikuwa ametoka kwenye semina ya madereva kuhusu haki zao wanaposimamishwa barabarani, na semina ilikuwa imemkolea. Dereva ana haki ya kumuuliza askari jina na kituo chake. Ana haki ya kushuhudia gari lake likipekuliwa, na awepo shahidi ambaye si askari. Kikichukuliwa kitu, apewe stakabadhi. Akikamatwa, aambiwe kosa lake. Nilimuuliza kama amewahi kuyasema hayo mbele ya askari mwenyewe. Akasema bado hajapata nafasi.

Tulipovuka Mto Ruvu alianza tena mwanzo, na safari hii nikawa namkumbusha alipokuwa anaruka.

Kwenye mananasi ya Kiwangwa tulipita salama. Mbele zaidi, kabla ya kufika Msata, nafasi ilipatikana. Askari kijana alitupungia mkono, tukasimama. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia marahaba, kisha akamtaka Bakari afungue nyuma. Bakari akasema ndiyo, afande. Akaulizwa amebeba nini, akasema ndiyo, afande. Semina yote ilibaki kwenye kiti.

Kijana akafungua sanduku langu, akaibuka na kifuko cha nailoni. Humo mlikuwa na liwa, ule unga wa mti wenye harufu nzuri anaosingwa nao bibi harusi, kwa kusuguliwa mwili mzima. Nilikuwa nimeugawa kwenye vifuko vidogo vidogo, kimoja kwa kila siku ya fungate, na kila kimoja nimekifunga kwa uzi. Nilipoviona vimepangwa mkononi mwa askari, hata mimi niliviona vibaya.

“Unga gani huu?” akamuuliza Bakari.

Bakari amekulia Dunda, na liwa anaijua tangu anabebwa mgongoni. Lakini alijibu kwamba hajui, mzigo si wake. Kijana akamwambia ajiandae kwenda kituoni, yeye na gari lake. Nikamwona Bakari anatafuta mahali pa kushika kwenye ubao wa lori, nikashuka. Nilikuwa na hofu, maana mtu akishaingizwa kwenye habari za unga wa kulevya, kutoka kwake si leo. Kilichonijia mdomoni kilikuwa ni maneno ya Bakari mwenyewe.

“Mwanangu,” nikasema, “unaitwa nani, na umetoka kituo gani?”

Akanitajia vyote viwili bila kinyongo. Nikamwambia sanduku ni langu, si la dereva, na kama ni kupekua, apekue upya mbele yetu na mbele ya shahidi. Akasema nina haki. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu alinipa haki hiyo yote.

Aliitwa mwanamume mmoja aliyekuwa anauza mananasi kando ya barabara, naye akaacha biashara yake kwa furaha. Kila kitu kikatolewa na kutajwa kwa sauti, kama sheria inavyopenda: mashuka, gauni za kulalia, chetezo, shanga za kiunoni. Shahidi alisogea ili ashuhudie vizuri. Nikadai aletwe askari mwanamke. Kijana akanieleza kwa adabu kwamba sheria inasema hivyo kwa upekuzi wa mwili, si wa sanduku. Bakari hakuwa amenifundisha hilo. Lakini kijana mwenyewe alikuwa ameshika shanga na hajui aziweke wapi, kwa hiyo akapiga simu.

Adhuhuri ilitukuta palepale, ikapita, na alasiri ikakaribia. Askari wa kike alifika kwa bodaboda, akafungua kifuko, akanusa, akajipaka kidogo nyuma ya kiganja.

“Hii ni liwa,” akamwambia mwenzake. “Warudishie.”

Kisha akanivuta pembeni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba naye anaolewa baada ya mfungo, mama yake ameshafariki, na hana wa kumsinga. Nikataka kumpa kifuko kimoja. Akakataa, akasema itaonekana nimempa rushwa. Basi nikamwelekeza nyumbani kwangu.

Tulifika Lugoba alasiri imeshapita. Ndoa ilikuwa imefungwa, pilau imeliwa, na bwana harusi ameketi kwenye mkeka mbele ya chumba kitupu. Mama yake aliniuliza kama tulikuwa tunasafiri au tulikuwa tunaijenga hiyo barabara. Nilitandika kitanda huku ukoo mzima ukisubiri mlangoni.

Kesho yake tulirudi na lori tupu. Kijana yuleyule alitupungia tupite, na Bakari akampungia naye, taratibu, kama mbunge.

Nilijifunza safarini kwamba haki ya dereva ipo, na askari muungwana ataitoa akiombwa, ila mtu aondoke nyumbani mapema. Siku hizi Bakari anawasimulia madereva wenzake jinsi alivyomsimamisha afande na kumuuliza jina na kituo. Mimi katika hadithi hiyo ni abiria, na nasikia nilikuwa nalia. Sijamsahihisha. Sasa kila anayemsikiliza anamtegemea, na siku atakaposimamishwa wenzake wakiwa karibu, itabidi maneno hayo ayaseme kweli.