Bibi Alimpenda Espérance

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya wakati wa korona ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa natunza wazee katika nyumba moja huku ughaibuni, kitongoji cha Quakers Hill, pamoja na Espérance, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Chumba cha mwisho alikaa bibi mmoja wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, wa tawi dogo lenye vyeo vya Kijerumani ambavyo hakuna aliyevijali tena. Sisi tulimwita Bibi tu.

Mimi ndiye niliyemwogesha miaka miwili. Espérance alikuwa amekuja juzijuzi tu, lakini Bibi alimpenda yeye. Alimwonyesha picha za babu zake. Mimi aliniagiza chai. Niliumia, usicheke. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Asubuhi hiyo nilimkuta Espérance ameteremsha barakoa, ili Bibi, ambaye alikuwa hasikii tena, amsome midomo. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja. Mchana uleule Espérance akasimamishwa.

Nikakaa kwenye kiti cha Espérance, kando ya Bibi. Bibi akauliza, "Neema, Espérance yuko wapi?"

Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba amevunja sheria.

"Nani alimshtaki?"

Nikaiweka kalamu chini. Bibi akanitazama sana, halafu akasema taratibu, "Dada yangu aliolewa na mtu mwenye cheo kikubwa kuliko cha mume wangu. Sikwenda harusini. Miaka hamsini hatukusemezana. Mwezi uliopita wamemzika Ujerumani. Sasa ndipo nataka kwenda, na mipaka imefungwa."

Siku mbili sikula vizuri. Ya tatu nikamweleza meneja yote, hata wivu wangu. Akakubali kumrudisha Espérance, lakini mwenyewe alikuwa ameshapata kazi ghalani, kitongoji cha Smithfield. Nikampigia simu.

"Dada Neema, nilijua ni wewe," akasema. "Nilikuwa nangoja tu uniambie."

Alinisamehe, ila hakurudi. Bibi alifariki kabla mipaka haijafunguliwa. Mimi ndiye niliyemshika mkono, na yeye akawa anamwulizia Espérance.

Basi mwanangu, mwenzako akipendwa, hajakunyang'anya kitu. Moyo ukikuchemka, kaa chini kwanza. Usiende kumshtaki mtu ukiwa hivyo. Na ukishakosea, omba radhi mapema, wakati mwenyewe bado yupo wa kukujibu. Mungu akujalie watu wa kukupenda, na akupe kifua cha kufurahi wanapopendwa wengine.