Wao Wanachimba Dhahabu, Mokami Anaokota Mizizi

Saa kumi na mbili asubuhi. Mokami Nchagwa anachukua vipande viwili vya kuni, anavigonganisha karibu na sikio, anatega. Vinalia kama kengele ndogo. Anatabasamu. Anachukua kingine, anagonga, na sauti inatoka nzito.

"Hiki bado kina maji," anasema, na kukirudisha juani.

Uani kwake, kata ya Kemambo wilayani Tarime, kuna lundo la kuni ambalo wapita njia husimama kulitazama. Ni la mviringo kama nyumba ya msonge. Lina safu saba, magome yote yameelekezwa juu ili mvua iteleze. Wekundu wa mgunga unafuatwa na manjano ya mjohoro, kisha wekundu tena, hadi juu.

Nyingi ya kuni hizo ni mizizi. Tangu habari za dhahabu zipambe moto hapa, watu wanafukua ardhi mchana na usiku, na kila duara, kama wanavyoliita shimo la dhahabu, linatapika mizizi. Wachimbaji huitupa kwenye kifusi. Mokami, mjane wa miaka hamsini na minne, huifuata na shoka.

"Wao wanatafuta kinachong'aa, mimi wananitupia kinachowaka," anasema, na kucheka hadi mabega yanatikisika.

Mzigo mmoja huuza shilingi elfu tatu. Kwa mizigo hiyo alimsomesha binti yake wa pekee, Teresia, hadi kidato cha nne.

Lakini lundo la msonge haliuzwi. Teresia, aliyeolewa Issenye, anakuja leo kujifungulia kwa mama yake. Nao wanawake wa ukoo huu, tangu bibi yake Mokami, humkalisha mzazi jirani na moto mwezi mzima, na moto huo hauruhusiwi kuzimika. Mokami amepiga hesabu yake: safu tano zinatosha mwezi. Mbili za juu ni akiba.

Saa mbili anaingia Kauthar, mpishi wa kambi ya wachimbaji, mzaliwa wa Mugumu, kanga imekunjwa hadi magotini.

"Shikamoo mama Teresia. Duara la Magige limetema!"

"Marahaba. Limetema nini, mizizi?"

"Dhahabu, mama! Miezi mitano ya vumbi, leo limetema. Amechinja ng'ombe, watu sitini wanakula. Na kuni zangu zimelowa mvua ya jana chapachapa. Nipe hili lundo lote, nalipa mara mbili."

"Hili ni la mjukuu wangu."

"Mjukuu hajazaliwa, nyama imeshachinjwa!"

Mokami anazitazama safu mbili za juu.

"Jana sufuria moja ya maharage ulichoma kuni ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Huko siyo kupika, ni kuunguza kijiji. Leta masufuria hapa. Napika mimi, kwa safu mbili za juu. Ya tatu haiguswi."

"Ng'ombe mzima kwa safu mbili? Ukiweza, masufuria yote nayaosha peke yangu."

Mafiga yanapangwa, majiko matatu. Mokami anaweka kuni tatu tu kila jiko, ncha zikiwa zimegusana. Zikilika anazisukuma ndani kidogo kwa mguu. Mwali unasimama mwembamba, hauna moshi, unalamba kitako cha sufuria tu. Kauthar kila mara ananyoosha mkono aongeze kuni, na kila mara anachapwa kwa mwiko.

Adhuhuri nyama imeiva, safu ya kwanza imekwisha. Imebaki ugali wa watu sitini na safu moja.

Saa saba wachimbaji wanafika wamelowa matope, wanatetemeka, wanapiga kelele. Wakifika motoni wananyamaza mmoja mmoja. Wananyoosha viganja. Nguo zinaanza kutoa mvuke. Magige mwenyewe, mwenye duara, jitu la miraba minne, anachuchumaa kama mtoto. Kisha anaruka, ameona mzizi mmoja kando ya jiko.

"Huu mzizi naujua! Futi ishirini chini! Ulituzuia siku mbili, nikavunja sururu."

"Na matusi uliyoutukana tuliyasikia mpaka Nyamisangura," anasema Mokami.

Uani kunalipuka kicheko. Mokami anaupasua kwa shoka. Ndani kuna mistari myekundu inayojipinda kama mto Mara unaotazamwa kutoka mlimani. Magige anaipitishia kidole.

"Mbona hatukuona?"

"Mlikuwa na haraka. Haya mura, kijana wangu, uweke motoni mwenyewe. Ulikulowesha jasho, sasa ukukaushe."

Ugali wa mwisho unapopakuliwa, safu ya pili imebaki vipande kumi na kimoja. Kauthar anavihesabu mara mbili, kisha anachukua majivu na maji, anavuta sufuria ya kwanza.

"Nyamaza, mama Teresia."

"Sijasema kitu."

"Uso wako unasema!"

Kabla ya kuondoka, Magige anaahidi kwamba watu wake hawatatupa mizizi tena, watampangia kando. Mokami anashukuru, lakini hategemei hilo pekee. Kabla ya masika anataka kupanda miche mia mbili ya mjohoro ukingoni mwa shamba.

"Dhahabu itakwisha, na mizizi itakwisha," anasema. "Baridi itabaki."

Saa kumi bodaboda inasimama. Teresia anashuka polepole, mkono kiunoni. Mama yake anamshika mkono na kumzungusha lundo lote, safu zote tano. Teresia anafuta macho, anasingizia moshi. Kisha, akitaka kupasha chai, ananyoosha mkono na kuchomoa kipande kizuri chekundu, katikati kabisa.

"Siyo hapo! Anzia juu!"

Lundo linayumba. Linatulia.

"Huyo wa tumboni nitamfundisha mapema," anasema Mokami, akisukuma kuni ndani ya mafiga. "Wewe nilishachelewa."