Mama Lehemu, bodi bubu na mayai tisini

Kosa ni la mwandishi wa makala haya, yaani mimi, na bora niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwingine. Nilivuta kiti nikae vizuri, nikasikia kitu kikilia "kach". Mguu wa kiti ulikuwa umetua juu ya kichwa cha waya wa USB uliokuwa ukining'inia hadi sakafuni kutoka mezani kwa mwenyeji wangu. Kichwa kikalala bapa kama kimepigwa pasi.

"Usijali, kaka," akasema mwenye karakana bila kugeuka. "Wengine huja na zawadi. Wewe umekuja na mguu."

Kwa aibu nikachomoa waya wangu begini, mpya, mweupe, nikampa. Nikajiona nimesamehewa.

Ni saa mbili asubuhi na mwanamke huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Lehemu, hatulii. Anakaa, anasimama, anakaa tena. Mkono mmoja uko kwenye laptopu, mwingine unapapasa simu inayoita kila mara. Chai yake imeota utando juu.

Kwa miaka mingi alitengeneza simu kwenye kibanda. Mwaka huu alikifunga, akageuza sebule kuwa karakana, akaunda mashine ya kutotolea vifaranga: sanduku la mbao, taa ya joto, feni ya kompyuta iliyokufa, na bodi ndogo ya kielektroniki inayotosha kiganjani. Bodi hiyo ndiyo ubongo. Hupima joto, huwasha taa, huizima.

Mteja wake wa kwanza ni mama mkwe wake, anayekaa ng'ambo ya ua.

"Mtu wa kwanza kuniamini ni yuleyule ambaye hakutaka mwanawe anioe," anasema huku akibofya. "Hebu fikiria mkosi wangu."

Ndani ya sanduku, huko kwa mama mkwe, kuna mayai tisini, yamebakiza siku moja au mbili kuanguliwa. Jana mchana vifaranga walianza kulia ndani ya maganda. Jioni umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, bodi ikaungua.

Bodi nyingine anayo, ya bei nafuu, ila haijui kitu. Lazima aijaze programu kutoka kwenye laptopu, na laptopu haitaki kuitambua. Kabla sijakanyaga waya ilikuwa inaionyesha kwa alama ya njano, maana yake: nimeona kitu, sikijui. Dawa yake ni draiva, programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuzungumza na kifaa kipya.

Namuuliza kwa nini asichomeke taa moja kwa moja ukutani, mayai yapate joto.

"Bila ubongo wa kuizima? Nitakuwa nimemchemshia mama mkwe mayai tisini."

Draiva inamaliza kuingia. Anachomeka bodi kwa waya wangu. Taa nyekundu ya bodi inawaka. Alama ya njano haipo tena.

"Imekubali," anasema, anapiga meza kwa furaha.

Haijakubali. Akitafuta bodi kwenye laptopu haioni kabisa, hata ile njano ya mwanzo. Ni kama hakuna kilichochomekwa.

Anafuta draiva, anaiweka upya. Anahamia tundu jingine la USB. Anazima laptopu, anaiwasha. Anajaribu draiva nyingine, kisha ya zamani zaidi. Taa ya bodi inawaka tu, nyekundu, imetulia.

"Umeme inao, uhai inao, inaninyamazia tu," anasema. "Kama mume wangu nikimuuliza alikuwa wapi."

Simu inaita, ni mama mkwe. Anaiweka sauti ya juu ili aendelee kubofya.

"Mkwe wangu, nimeyafunika mablanketi mawili na chupa za maji moto. Niongeze?"

"Badilisha maji tu, mama. Nakuja."

"Ulisema unakuja tangu alfajiri."

"Nakuja, mama."

Anakata, anafuta uso kwa kanga. Akifanikiwa, wanawake wanne wa mtaa huu wanataka mashine kama hii, naye atapata cha kulipia chumba cha karakana nje ya sebule yake. Akishindwa?

"Mama hatanigombeza. Atanyamaza. Na watu watamuuliza mashine ya mkweo vipi, naye atanyamaza vilevile. Hapo nitarudi kwenye vioo vya simu."

Mara mlango unasukumwa. Mama mkwe ameingia mwenyewe, mkoba begani, kandambili zisizofanana miguuni.

"Simu inakaribia kuzimika kwa kukupigia wewe," anasema. "Nichajie."

Mama Lehemu anachomoa waya kwenye bodi, anauchomeka kwenye simu ya mama mkwe. Simu inaanza kujaa chaji. Anageukia laptopu, halafu anasimama palepale.

"Mbona haijauliza?"

"Nani hajauliza?" anasema mama mkwe.

"Simu yako. Kila nikiichomeka hapa kwenye laptopu huuliza kama nataka picha zako. Leo imekula chaji, imenyamaza." Ananigeukia polepole. "Kaka, huu waya ulikuja na nini?"

Nafikiri. Natamani nisikumbuke.

"Na tochi," nasema. "Tochi ya kuchaji."

Mama Lehemu anauchomoa waya, ananieleza kwa upole, jambo linaloniumiza zaidi: waya wa kawaida una nyuzi za umeme na nyuzi za mazungumzo. Huu wa tochi una za umeme tu. Ndiyo maana taa iliwaka na bodi ikawa bubu.

"Na mimi nikaamini taa," anasema. "Simu ngapi nimeziponya kwa kubadilisha waya kwanza. Leo nimefuta draiva nzima nzima."

"Waya uliokuja na simu mbona mimi ninao," anasema mama mkwe, akifungua mkoba.

"Mama. Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza?"

Safari hii laptopu inalia "ting" kabla hajaondoa mkono. Bodi imetokea, na jina lake. Programu inaingia kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Mama Lehemu hana viatu. Anavuka ua mbio, sisi nyuma yake.

Anafunga bodi sandukuni. Taa ya joto inawaka. Feni inazunguka. Joto linapanda, linafika, taa inajizima yenyewe kama ilivyoagizwa, na mama mkwe anatikisa kichwa kwa heshima.

Wanafunua mablanketi. Mayai yamelala kimya. Jana yalikuwa na kelele.

Mama Lehemu anapiga magoti, analaza sikio juu ya yai moja, kisha jingine. Mama mkwe anaweka mkono begani mwake.

"Haya wanangu," ananong'ona Mama Lehemu. "Mmoja wenu tu. Alie kidogo, tumsikie."

Feni inazunguka.