Chuma Kwenye Paja la Mgonjwa Wangu

Mimi ni muuguzi, mwenyeji wa Tanga, nimehamishiwa Kyela mwaka jana. Haya yamenikuta juzi, na wenzangu bado wananicheka.

Alikuja mama mmoja wa Makwale, mkulima wa mpunga, akiwa na homa. Mguu wake wa kushoto ni wa bandia. Nilimlaza, akauvua mwenyewe, nikaona kipande cha chuma kimetokeza kwenye ncha ya paja lake. Miguu ya bandia niliyoizoea huvaliwa kama kiatu, ikivuliwa haiachi kitu mwilini. Nikaamini mguu huo wa bandia umekatika na kipande chake kimemchoma.

"Mwanangu, hicho chuma..." alianza.

"Mama, usiongee. Tulia hivyo hivyo."

Nikalifunga paja kwa bendeji, nikamwita dereva wa gari la wagonjwa, nikampigia simu daktari. Kila mama alipofungua mdomo nilimnyamazisha. Niliogopa kweli kwamba atanifia mikononi.

Daktari alifika anahema. Akafungua bendeji, akakitazama chuma, akauliza, "Mama, hiki kina muda gani?"

"Mwaka wa nne huu. Walikipandikiza ndani ya mfupa huko India nilikotibiwa, ndicho kinachoshika mguu. Nimejaribu kumweleza huyu, akanikataza kuongea."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni na machela. Wote wakanigeukia.

"Ndaga, mwanangu, asante kwa kunihangaikia," mama akaniambia. Akauchukua mguu wake, akaukaza kwenye kile chuma, akaenda chooni bila kushikwa na mtu.