Kamba ya Ndinda

Binti yangu Ndinda alijifunza kuzamia kwa sababu ya kufua. Mwaka wa sabini na sita alipata kazi ya kuosha mavazi ya mpira ya chama kimoja cha wazamiaji, waliofanyia mazoezi katika bwawa lililo chini ya Kibera. Mwalimu wao, mama mmoja wa Kihindi, alimwona haogopi maji, akamfunga mtungi wa hewa mgongoni na kumfundisha. Sisi ni watu wa Kitui. Kwetu maji tunayachimba mchangani. Mtu kuingia ndani yake mpaka kichwa kipotee, mimi sikuwahi kuona.

Baadaye kontrakta aitwaye Gerishon alimwandika pamoja na Lazarus na wanaume wengine, waondoe magugu yaliyoziba bomba chini ya bwawa. Mmoja anazama akiwa amefungwa kamba kiunoni, mwenzake anaishika juu. Aliye chini akivuta mara moja, yuko salama. Akivuta mara nne, atolewe. Lakini wanaume wale walikuwa na desturi yao: anayeomba kutolewa kabla hajamaliza kazi anaitwa bibi, yaani mke wa mtu, wiki nzima.

Zamu ya Ndinda ilipofika, Lazarus aliitupa kamba chini.

"Mimi nimshikie mwanamke kamba? Watu wa mtaa wetu wa 56 wakisikia, nitahama Kawangware."

"Nipe mimi," nikasema. Nilikuwa nimempelekea binti yangu chakula.

"Sawa, Mama Ndinda. Lakini huyu ataolewa na nani? Na samaki?"

Wakacheka. Ndinda hakucheka. Alizama.

Nilihesabu mapovu kwa macho. Mwanzo yalikuja mengi, kisha machache, kisha moja moja. Kamba ilikuwa kimya mikononi mwangu.

"Namtoa," nikasema.

"Hajaomba," Gerishon akajibu. "Usimwaibishe."

"Yeye si alisema anaweza?" Lazarus akaongeza, mikono mfukoni.

Nikavuta. Kamba ilikataa, kana kwamba imefungwa kwenye jiwe. Nikawaita wanawake waliokuwa wakifua ukingoni. Walitupa nguo, wakanishika kiunoni, tukavuta pamoja, na wanaume wakitutazama. Kitu kilikatika chini, mwanangu akaibuka na magugu shingoni, midomo imegeuka rangi, damu ikimtoka sikioni.

Nilidhani atanishika. Alinitazama kama adui.

"Mama, mimi sikuvuta. Kwa nini umenitoa?"

Nyuma yangu Lazarus alikuwa ameshaanza. "Karibu, bibi."

Gerishon alimwambia arudi Jumatatu kama anataka kazi, lakini asije na mama yake. Tulitembea mpaka chumba chetu kule Kawangware, mtaa wa 46, kamba yake begani mwangu. Sikio lile halikusikia tena. Nilimsihi aache. Nilimwambia magugu yale si ya baba yake. Alilala akitazama ukuta.

"Nikiacha sasa, watasema walijua," akasema.

Jumatatu niliamka, naye hayupo. Mavazi ya mpira hayakuwapo. Kamba alikuwa ameiacha, imekunjwa vizuri juu ya kitanda changu.

Niliikumbatia nikatoka mbio bila viatu. Nilipofika bwawani, wanaume walikuwa wameketi wakinywa chai, na hakuna aliyeshika kitu.

"Amekataa kufungwa kamba," Lazarus akasema, bila kucheka safari hii. "Amesema yeye si bibi."

Mapovu yalikuwa bado yanatoka, machache. Nilisimama ukingoni na kamba mkononi, na kule chini ncha yake ya pili haikufungwa kwa mtu wa kuivuta.