Pikipiki Yangu Haili Mafuta

Mimi ndiye mwenye ile pikipiki kubwa ya hapa Mogogosiek, injini ya kutosha bodaboda nne. Usiku nafanya kazi kiwandani, mchana nalala. Kila jioni nikifungua tanki, nakuta mafuta yamezidi ya jana. Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilijisifu.

Jumamosi nilienda kwa miguu mpaka kituo cha kupimia majani chai, nikawafundisha vijana wa bodaboda vile mteremko unashukwa injini ikiwa imezimwa.

"Mzee, kwani hiyo inaongeza mafuta?" mmoja akauliza.

"Inaongeza kabisa," nikasema. "Hata saa hii pikipiki yangu imelala nyumbani, tanki imejaa."

Hapo nikasikia muungurumo ninaoujua ukipanda kutoka Boito. Ni pikipiki yangu, imebeba magunia mawili ya majani. Dereva aliiegesha, akavua helmeti yangu, na alikuwa mke wangu, Chelangat.

Karani wa mizani hakushtuka. "Mama Kiprono, leo umechelewa."

"Nilipitia kuongeza mafuta," akajibu. "Sipendi mzee aamke akute yamepungua."

Vijana wote wakanigeukia, mkono wangu bado hewani ukionyesha mteremko. "Lakini mliona vile ameiegesha?" nikawaambia. Mimi mwenyewe huwa naiangusha.