Kwani Leo Hatuli?

Juzi mama aliniuliza tutakula saa ngapi, nikamkumbuka nyanya alipokuja kututembelea mtaani Jericho kutoka kijijini Bungoma. Mchana huo mama alimpikia wali na nyama, nyumba nzima ikanukia dania. Nyanya alimaliza sahani, akashukuru, kisha akauliza, "Kwani leo hatuli?"

Nilimnong'onezea mama kwamba nyanya amesahau amekula.

Mama alicheka, akabandika sufuria ya maji. "Hajasahau. Kwetu, kama hujala ugali, hujala."

Mwiko ukaanza kugonga sufuria, na nyanya akasogeza kiti.

Juzi, mama aliponiuliza, nami nilibandika maji. Mama alikuwa ndio kwanza amemaliza kula ugali. Vidole vyake bado vilikuwa vinateleza kwa mboga ya mrenda.